Maswali na Majibu: Usanifu wa Programu Usiohitaji Waraka Mnene

Swali

Mhariri mpendwa, mimi ni msanidi programu katika kikundi cha watu sita hapa Nairobi, na tunaunda mfumo wa kupokea malipo ya wanachama wa sako, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Mahali nilipofanya kazi awali tuliandika waraka wa usanifu wa kurasa tisini, ambao ulipitwa na wakati hata kabla haujakamilika. Sasa tumeangukia upande wa pili: hatuandiki chochote, na kila mmoja ana mfumo wake kichwani. Je, kuna njia ya kati isiyotupotezea wiki nzima?

Msomaji, Barabara ya Ngong

Jibu

Msomaji mpendwa, njia hiyo ipo, na huanza kwa kukubaliana ni mambo gani yanayostahili kuitwa usanifu. Kwa maoni yangu, ni yale maamuzi ambayo kuyabadilisha baadaye kutawagharimu muda na fedha nyingi: data itahifadhiwa wapi, sehemu zipi zitategemeana, na mfumo utafanya nini mtandao ukikatika. Mengine mwachieni anayeandika msimbo, yaani maagizo yenyewe ya programu.

Mkutano wa kwanza uwe wa kuchora. Kila mmoja apewe karatasi na dakika kumi na tano, achore mfumo kama anavyouelewa bila kutazama ya mwenzake, kisha michoro yote ibandikwe ukutani. Pale inapotofautiana ndipo pa kuanzia mazungumzo. Simon Brown, aliyebuni mtindo wa C4, aliigawa michoro ya namna hii katika ngazi nne: mfumo pamoja na watumiaji na mifumo jirani, programu na hifadhidata zinazouunda, vijenzi vya ndani ya kila programu, na msimbo wenyewe. Ngazi mbili za kwanza hutosha kwa vikundi vingi, na naamini zitawatosha ninyi. Ila kila mshale uandikiwe unabeba nini, maana mshale mtupu kila mtu huusoma apendavyo.

Hata hivyo, mchoro hauelezi sababu, na sababu ndiyo inayopotea mwenzenu mmoja akihamia kazi nyingine. Hapa nawasihi mtumie kumbukumbu za maamuzi, ambazo msanidi programu Michael Nygard alizieleza mwaka 2011: ukurasa mmoja au miwili kwa kila uamuzi, wenye jina, hali ya uamuzi, muktadha, uamuzi wenyewe na matokeo yake.

Chukueni mfano wa kazi yenu. Mwanachama anapotumiwa ombi la kulipa kwa M-Pesa, mfumo wenu hupokea kwanza jibu kwamba ombi limepokelewa, lakini jibu hilo si malipo. Matokeo hutumwa baadaye kwenye seva yenu, na ni lazima mjiandae kwa siku yatakapochelewa, yatakaporudiwa au yatakapokosa kufika kabisa. Huo ndio muktadha. Uamuzi unaweza kuwa kwamba kila malipo yatatambuliwa kwa namba yake ya muamala ya M-Pesa, kwamba hifadhidata itaikataa namba iliyokwisha kuandikwa, na kwamba ombi lisilo na matokeo litaulizwa hali yake kabla ya mwanachama kuambiwa alipe tena. Katika sehemu ya matokeo ya uamuzi andikeni faida, yaani akiba ya mtu haitahesabiwa mara mbili, na pia hasara: mwanachama atasubiri kidogo, na mtalazimika kulinganisha rekodi zenu na taarifa za malipo kila siku. Kumbukumbu isiyotaja hasara yoyote irudisheni kwa mwandishi wake, kwa sababu bado hajaufikiria uamuzi hadi mwisho. Fedha hizi ni za watu waliojinyima ili waweke akiba.

Kurasa hizo zikae pamoja na msimbo, zipewe namba, na zipitiwe na mwenzenu mwingine kama msimbo unavyopitiwa. Uamuzi ukibadilika, msiufute ule wa zamani. Andikeni mpya, kisha kwenye ule wa kwanza onyesheni kwamba umebatilishwa na namba ipi. Kwa maamuzi ambayo tayari yamo kichwani mwenu, anzeni na matatu yanayobishaniwa zaidi, na mengine myaandike siku mtakapoyagusa.