Kwa nini mabango ya filamu za kutisha huficha zimwi

Umeuliza kwa nini bango la filamu ya kutisha mara nyingi halionyeshi zimwi lenyewe. Ni kwa sababu hofu huanza pale jicho linapotafuta jibu likalikosa. Tazama bango la The Exorcist, filamu ya 1973 kuhusu msichana aliyepagawa na pepo: mwanamume kasimama karibu na taa ya barabarani, mkoba mkononi, uso hauonekani, na mwanga mkali unamshukia kutoka dirishani. Hakuna damu, hakuna pepo. Mwanga, ambao siku zote tunaukimbilia kwa usalama, hapo unatoka kwenye chumba chenye balaa. Bill Gold, aliyelibuni, aligeuza kitu tunachokiamini kikawa tishio, na kwangu huo ni ubunifu wa hali ya juu.

Jaws (1975), filamu ya samaki papa anayeshambulia watu, ilipita njia nyingine. Papa yuko wazi, mkubwa kupita kiasi, anapanda wima kumfuata mwanamke anayeogelea bila habari. Wewe unajua, yeye hajui, unatamani kumpigia ukelele. Mabango yaliyojaa nyuso za damu tupu hukosa mvuto huo, maana yamekwisha kukuambia kila kitu kabla hujakata tiketi.