Kuhusu "tu" na "vous" kazini Lyon

Ndugu, nimekuelewa: umeanza kazi Lyon, Ufaransa, wenzako wanaambiana "tu" ("wewe" ya Kifaransa kwa watu waliozoeana), nawe hujui kama kwa meneja wako utumie hilo au "vous" ("wewe" ya heshima). Anza na "vous", kisha usubiri yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa kwa cheo, akuambie "on peut se tutoyer" (tunaweza kuambiana "tu"), kwani si desturi mdogo kutangulia kupendekeza. Akisharuhusu, usirudi nyuma, maana "vous" ya ghafla husikika kama umenuna. Katika ofisi za serikali shikilia "vous" daima. Hata polisi wa Ufaransa wanatakiwa na kanuni zao za maadili kuitumia kwa raia. Barua ya kuomba kibali cha ukaazi, hata hivyo, mpe mjuzi wa Kifaransa aipitie kabla hujaituma.