Maswali ya wasomaji: dubu wa Alaska, kopo la Machame na mzigo wa Unga Ltd

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni kijana wa Marangu ila nipo Alaska mwaka wa sita sasa, kiwanda cha samaki. Huku ukienda mtoni kuvua watu wengi wanabeba rivolva kubwa kwa ajili ya dubu, na mimi nimenunua ya .475 Linebaugh kwa mzee mmoja, kanipa na maganda 40 tu. Risasi zake madukani sizioni, zikionekana bei inatisha. Maganda nayatoa wapi? Na je, Desemba nikija nyumbani naweza kuja na vifaa nikajazia risasi hapo Moshi kwa utulivu?

JIBU: Mdogo wangu, naanza na la mwisho maana ndo litakuharibia Krismasi. Usije na kitu. Baruti na praima (kile kiwashio kidogo cha kwenye kitako cha ganda) haziruhusiwi kwenye ndege kabisa, si begi la mkononi si la chini, na hata ukifika salama KIA, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusi mtu kutengeneza risasi bila leseni, kujazia upya ganda lililotumika nyumbani kwa mama ni kutengeneza risasi, hakuna jina lingine. Huko ulipo ni kawaida, watu wanafanyia kwenye gereji zao, huku ni kesi. Viache huko huko uje ule kiburu na ndugu zako.

Sasa maganda. Hiyo silaha yako ina historia inayoeleza kwanini unasumbuka. Fundi aliyeibuni, John Linebaugh wa Wyoming, alianza na .500 Linebaugh, ganda lake alilipata kwa kukata ganda la bunduki ya .348 Winchester. Maganda ya .348 yakaanza kuadimika miaka ya 80, akahamia kwenye ganda la .45-70 ambalo lipo tangu 1873 na Marekani limejaa kila kona, akalikata libaki inchi 1.4 na hapo ndo ikazaliwa .475 yako. Yani risasi yako yenyewe ilizaliwa kwa sababu mtu alikosa maganda! Kwaiyo ukikutana na watu wanaokwambia ukate ya .45-70 hawakudanganyi, ila ukingo wa kitako nao lazima upunguzwe kwenye mashine ya kukerezea na mdomo uangaliwe unene, hiyo ni kazi ya fundi anayeijua, si ya wewe na msumeno jikoni.

Njia rahisi ambayo wengi wanaisahau ni .480 Ruger. Ilitoka 2001, Ruger na Hornady, kichwa cha risasi ni kipana sawa na cha kwako, ganda tu ndo fupi, inchi 1.285. Inaingia kwenye rivolva ya .475 kama vile .44 Special inavyoingia kwenye .44 Magnum au .45 Colt kwenye .454 Casull. Kinyume chake hapana. Na ukijazia ganda la .480 tumia vipimo vya .480 kutoka kwenye kitabu cha kiwanda, usiseme silinda yangu ina nguvu ngoja niongeze, ganda fupi lina nafasi ndogo ndani na presha inapanda haraka sana, nakuomba hapo usijaribu bahati. Halafu ukipiga fupi nyingi, masizi yanajenga pete ndani ya tundu za silinda, siku unaweka ndefu inagoma kuingia au inaingia kwa kulazimisha. Safisha kwanza.

Kuyatafuta: agiza moja kwa moja kwa watengenezaji wa maganda kama Starline wa Missouri, na jiwekee oda hata kama hawana kwa sasa maana wanatengeneza kwa zamu, mwezi huu saizi hii mwezi ujao ile. Ukipata, nunua ya awamu moja yote kwa pamoja, usichanganye na yale 40 ya mzee. Sababu ni hii, na kwa rivolva kubwa hili ndo jambo ninalolijali kuliko yote: ukipiga ya kwanza mtikisiko unavivuta vichwa vya zile zilizobaki vitoke mbele, kama nyundo inavyochomoka mpini. Kikitoka kidogo tu kinagusa fremu, silinda haizunguki, na mbele yako kuna dubu. Kinga yake ni mdomo wa ganda kubanwa vizuri kwenye mfereji wa kichwa, na hauwezi kubana sawa sawa kama ganda moja ni refu na lingine fupi. Pima yote, punguza yawe sawa. Kabla ya kwenda nazo mtoni, jaza silinda, piga zote ukiacha moja, itoe uipime kama kichwa kimesogea.

Yale ya zamani yaangalie mdomoni, ganda la rivolva mara nyingi linachanika hapo kwa sababu kila ukijaza unalitanua kisha unalibana. Lenye ufa, hata kama nywele, tupa.

SWALI: Shikamoo. Baba yetu Machame alifariki akaacha kopo la maganda matupu yameandikwa KYNOCH .455, lilikuwa darini juu ya banda la ng'ombe. Mengine yamepasuka yenyewe wakati hakuna aliyeyagusa. Kwanini? Na kaka yangu anasema yanaweza kujazwa tena.

JIBU: Marahaba dada, pole na msiba wa mzee. Hayo ni ya rivolva ya Webley, silaha ya Waingereza tangu 1887. Kilichoyapasua ni ng'ombe! Mkojo unatoa amonia, na shaba ya njano (mchanganyiko wa shaba nyekundu kama asilimia 70 na zinki 30) ikiwa imekandamizwa kiwandani halafu ikakaa kwenye amonia na unyevu, inapasuka polepole bila kuguswa. Jeshi la Uingereza lilikutana na jambo hili hili India, risasi zilizohifadhiwa mazizini msimu wa mvua zikawa zinapasuka zenyewe. Kwaiyo hata ambayo hayana ufa wa kuonekana siyaamini, na msiyasafishe na dawa yenye amonia.

Kujazwa hapana. Sheria ni ile niliyomwambia kijana wa Marangu, na pia chungulia ndani ya ganda, ukiona vitundu viwili vidogo badala ya kimoja katikati hiyo ni praima ya Berdan, kuitoa ni shida hata kwa wenye leseni. Weka moja la kumbukumbu ya baba, tena uwaulize polisi kwanza. Na mkikuta hata moja lenye kichwa, yani halijapigwa, msilibebe kwenye pochi, wapigieni waje.

SWALI: Mimi nanunua skrepa hapa Unga Ltd, Arusha, juzi kwenye mzigo wa shaba nimekuta risasi nzima tatu kubwa. Nizigonge nitoe shaba?

JIBU: Usigonge, usiweke kwenye moto, usiziuze na mzigo. Risasi ikiwa nje ya bunduki ganda ndo linapasuka na vipande vinaenda machoni. Ziache zilipo, watoe watu na watoto hapo, nenda kituo cha polisi leo, na aliyekuletea huo mzigo mwambie akague kilichobaki kwake.