Jibu: Mtoto akilia, naanza kufoka kama mama

Dada, umeuliza kama mshauri nasaha anaweza kukusaidia, maana mtoto akilia unajikuta unafoka vilevile mama yako alivyokufokea. Anaweza, na nimefurahi umeuliza mapema.

Mwaka 1975 Selma Fraiberg, mtaalamu wa afya ya akili ya watoto wachanga, na wenzake huko Marekani waliandika kuhusu wazazi wa aina hii. Waliona kwamba anayekumbuka si kupigwa tu, bali pia jinsi alivyoumia na kuogopa, ndiye anayeweza kuepuka kumtendea mwanawe hivyo. Kwa hiyo mshauri hatakufundisha kumchukia mama yako. Atakuuliza: ulipolia, nani alikubeba? Ulihisi nini? Ukishayalilia yale ya zamani, kilio cha mtoto kinaanza kuwa kilio tu: njaa, usingizi, nepi.

Hapa Kisumu wengi watakwambia "hata sisi tulilelewa hivyo". Kwa hili usiwasikilize.

Anzia kliniki unakompeleka mtoto chanjo, mweleze nesi wazi, akuelekeze kwa mshauri. Ila ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje tarehe ya kliniki. Mwite mtu unayemwamini, mwende hospitali siku hiyohiyo.