Mipira Miwili kwenye Filta Moja

Juzi jioni nilimkuta kijana wetu mmoja akisokota filta mpya ya oili kwenye Hilux ya mteja, jicho moja kwenye kazi na jingine kwenye simu, nikamwomba anionyeshe ile ya zamani aliyoitoa. Haikuwa na mpira wake, ile pete inayozuia oili isivuje. Nikamwambia aifungue ile mpya na apitishe kidole kwenye kikalio chake, pale inapokaa kwenye injini, na uso wake ulipobadilika nikaamua kuwaandikia mafundi wenzangu kuhusu kumwaga oili, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi wakati yeye hajaanza hata shule.

1. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ugonjwa. Kila mgeni wa gereji huchomoa kijiti cha kupimia oili siku ya tatu baada ya servisi, akaisugua oili kwa vidole viwili kama mtu anayepima unga, kisha akamtangazia mwenye gari kwamba imekwisha. Ule weusi ni masizi, na kuyabeba masizi ndiyo kazi ya oili. Hesabuni kilomita: gari linalovuta trela humwagwa oili kila 5,000, hata kama kitabu kinaruhusu 10,000 kwa safari za kawaida. Wazee waliotufundisha walimwaga mapema zaidi, nao hawakuwa waoga, kwani dizeli ya siku zao ilikuwa na salfa nyingi iliyozaa asidi ndani ya injini, hadi kiwango cha Afrika Mashariki kiliposhushwa kuwa sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Cha kuogopa ni oili inayoongezeka yenyewe kwenye kijiti, maana hapo dizeli inaingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

2. Someni maandishi ya nyuma ya galoni, msiishie kwenye picha ya mbele. Baada ya API, alama ya daraja la oili, herufi C ni ya dizeli na S ni ya petroli. Kwa injini za dizeli za Toyota, yaani D4D, zisizo na chujio la masizi kwenye ekzosi, oili ya uzito wa 15W-40 ya daraja la CI-4 inatosha kwa joto letu, na CK-4 inaweza kushika nafasi yake. FA-4 waachieni wenye injini zilizoundwa kwa ajili yake, kwa kuwa ni nyepesi zaidi. Gari lenye chujio hilo linataka oili yenye majivu machache, kwa sababu masizi huungua lakini majivu hubaki humo mpaka chujio lizibe. Mteja atakwambia, "Fundi, trela langu ni zito, nitilie oili nzito." Mjibuni kwa adabu kwamba oili nzito huchelewa kufika kwenye turbo asubuhi ya baridi, na anayelala Njombe anaijua baridi hiyo.

3. Filta. Mwaka 2011 nilikuwa fundi mdogo Morogoro, mwenye mikono myepesi na sifa nyingi kuliko akili. Alikuja mzee mmoja na Hilux ya D4D iliyokuwa ivute jenereta hadi Iringa alfajiri inayofuata. Giza lilikuwa linaingia, nami nilitaka kuwahi mpira kwenye televisheni. Niliitoa filta, nikaitupa kwenye ndoo bila kuitazama, nikafunga mpya, nikatia oili, nikawasha. Injini ikiunguruma taratibu hapakuvuja hata tone, nikapokea pesa yangu nikaenda.

Simu ilipigwa karibu na saa sita mchana, kutoka mlima Kitonga. Nilipanda basi nikiwa na galoni la oili mapajani, kana kwamba oili ingefufua kitu. Kabla sijaliona gari niliuona mchirizi mweusi ukipanda barabara, kona baada ya kona, kwa sababu taa ya oili ilipowaka dereva hakuwa na mahali pa kusimama na trela mgongoni, akajikongoja kutafuta upenyo. Injini ilikuwa imenoki. Nilipofungua filta nilikuta mipira miwili: wa zamani, uliogandishwa na joto kwenye kikalio, na mpya juu yake, umechomoza pembeni kama ulimi wa mbuzi. Ilivumilia tambarare yote ya Mikumi. Mlimani, injini ilipozungushwa kwa nguvu na oili ikachemka, presha ikausukuma nje.

Mzee hakupiga kelele. Aliushika ule mpira, akaugeuzageuza, akaniuliza, "Kijana, huu wa pili ulikuwa wa kazi gani?" Nililipa kwa kukatwa mshahara miezi tisa, na hadi leo swali hilo huniamsha kabla ya jogoo.

4. Pakeni oili kwenye mpira mpya, na mpira huo ukishagusa kikalio zungusheni filta robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Wosha ya boliti ya sampu iwe mpya.

5. Dereva aliyetoka mlimani na mzigo aiache injini iungurume dakika mbili kabla ya kuzima, turbo ipoe.

Mpira ule wa Kitonga ninao bado, nimeutundika kwenye msumari juu ya meza ya vifaa. Kijana wa juzi alikuwa akiuona kila siku bila kuuliza. Wake nimeutundika kando yake, nao msumari una nafasi.