Barua kwa Masalu: nyumba ya Chanika usiiuze kwanza

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Masalu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umeuliza hivi: "Mama, hali ikiharibika kabisa, pesa ikawa makaratasi, tubaki Dar au tufunge virago turudi kwetu?" Ukaongeza kwamba ofisini kwenu siku hizi kila mtu ni mchumi, ukanitajia Lebanon, Zimbabwe na Venezuela, na kwamba umeshaanza kuitafutia mteja ile nyumba yako ya Chanika. Hilo la mteja ndilo limenifanya nichukue kalamu. Kwenye simu ungenikatisha.

Asubuhi hii nilikuwa sokoni Mwaloni. Dagaa wapo, unga upo, na wauzaji wanataniana kama kawaida. Sisemi kwamba haiwezi kutokea. Imeshatokea, nami nilikuwemo.

Nimekimbia mara mbili katika maisha yangu. Mara ya kwanza ni Machi 1979, wakati wa vita na Amin. Ndege ya Libya ilikuja kuupiga mji huu, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Sisi tulisikia mshindo tu. Nilimbeba dada yako mgongoni, nikapanda kwenye mawe ya Kitangiri na kandambili mguu mmoja. Jioni tulikuwa tumerudi, tunasonga ugali. Kukimbia kwa namna hiyo hakuna haja ya kumuuliza mama. Ukisikia risasi mtaani kwako, mwanangu, nenda, utanipigia ukifika.

Mara ya pili ndiyo hiyo unayoiuliza.

Vita vilipokwisha, Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Tulifunga. Miezi 18 ikapita, mkanda ukabaki palepale, sisi tukazidi kukonda ndani yake. Sababu zilikuwa nyingi na nilizifundisha baadaye darasani kama mtu aliyezisoma kitabuni: mafuta ya petroli yalipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa, vita vikamaliza fedha za kigeni. Lakini mtu hafi kwa fedha za kigeni. Sisi tuliuona uchumi kwenye sabuni. Nguo nilifua kwa majani ya mpapai. Sukari ilipitia kwa balozi wa nyumba kumi. Foleni ya duka la ushirika ilianza usiku, na kwa kuwa hatukuweza kulala pale na watoto, kila mtu aliweka jiwe lake kwenye mstari. Jiwe langu lilikuwa la mviringo, lina doa jeupe, na nililitambua hata gizani. Wenye pesa walikula mafuta ya Kimbo yaliyovushwa ziwani usiku kutoka Kenya. Sisi tulikula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na tukaushukuru.

Kiwandani kwa baba yako vipuri viliadimika, mashine zikasimama moja baada ya nyingine. Kwanza alilipwa kwa kukaa, kisha akakaa bila kulipwa. Mwaka 1981 akasema tuondoke twende kwao Sengerema, huko angalau kuna ardhi. Tuligombana wiki nzima. Nikashindwa.

Tuliuza kitanda cha chuma, meza na cherehani yangu. Aliyevinunua alilipa taslimu, tukajiona wajanja, na baada ya miezi miwili zile noti hazikununua hata gunia moja la mahindi. Chumba tukakirudisha kwa mwenye nyumba. Jambo moja tu nililifanya kwa akili, tena kwa siri: badala ya kuacha kazi ya ualimu, niliandika barua ya kuomba likizo bila malipo.

Kijijini chakula kilikuwepo, nisiwe mwongo. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ilijaa kwenye vihenge, na matobolwa, viazi vya kuchemshwa kisha kukaushwa, watoto wanatafuna njiani kama karanga, huku mjini watu wanapigania mkate. Baba yako alisema, "Unaona?" Nikaona. Wiki ya kwanza tulichinjiwa kuku. Wiki ya tatu mambo yakabadilika, na hakuna aliyetamka neno baya. Nilipewa tu jembe lenye mpini uliopasuka.

Wewe jembe hilo ungelielewa vipi? Mimi nililielewa siku ileile. Kwa miaka saba tulikuwa watu wa mshahara, na hatukuwa tumetuma hata dawa ya ng'ombe. Msiba wa babu yako mdogo hatukwenda, eti ruhusa ilikataliwa. Operesheni ya vijiji ya 1974 ilipowahamisha, wakaacha mahame yao na kuanza upya, sisi tulikuwa mjini tunapokea habari kwenye redio. Ardhi ambayo baba yako aliiita "yetu" baba yako mkubwa alikuwa ameilima peke yake na kuilinda peke yake. Sasa tumefika na njaa na masufuria mawili. Kwa haki kabisa, walitupa zaidi ya tulichostahili.

Tena kijiji kilikosa vile ambavyo mjini hupatikana hata kwa magendo. Hapakuwa na chumvi wala mafuta ya taa. Dada yako alipopata malaria, baba yako alimbeba kwa baiskeli usiku hadi zahanati, akakuta mlango wazi, mganga mwema, na kabati la dawa tupu. Alipona kwa neema ya Mungu na mwarobaini. Asubuhi ile nilisema ninarudi Mwanza hata kwa miguu, na safari hii aliyeshindwa ni baba yako.

Tulikaa miezi minane. Tuliporudi, chumba chetu kilikuwa na mpangaji mwingine, na cherehani yangu niliisikia ikilia dirishani kwa watu nikipita. Hadi leo sijaisamehe ile cherehani.

Baba yako, Mungu amrehemu, hakukosea kutaka kuondoka. Alikosea kuondoka na kila kitu kwa wakati mmoja.

Kilichotuvusha baada ya hapo hakikuwa kubaki wala kukimbia. Nilirudi darasani. Baba yako alikwenda Sengerema msimu wa kulima, akarudi baada ya mavuno, safari hii akalima kwa kumsaidia kaka yake kwanza. Michembe na udaga wa muhogo vilivuka kwa kivuko cha Busisi kuja kwangu. Kutoka kwangu vilivuka chumvi, nyuzi, madaftari, na sabuni kila jiwe langu lilipobahatika. Binti wawili wa baba yako mkubwa wakaja kulala kwenye mkeka wangu ili wasome, nao ndio wale wanaokuita "mdogo wetu" kwa sauti ya kukuamuru. Tulikuwa nyumba moja yenye majiko mawili. Jiko la mjini likizimika tunakula la kijijini, la kijijini likikosa chumvi linaletewa. Wewe ulizaliwa mwaka 1985 ndani ya mpango huo, na ulikuwa mnene.

Umeuliza pia kuhusu kununua vitu na kuvirundika ndani. Weka chakula cha miezi miwili, basi. Mwaka 1983, ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, jirani yetu mmoja alikuwa na chumba kizima cha sabuni. Aliitupa ziwani usiku kucha kwa kuogopa kukamatwa. Asubuhi watoto walikuwa wanapiga mbizi wanaibuka na miche, wanacheka. Nilifua kwa raha mwezi mzima na sikumwonea huruma, nami ni Mkristo.

Sasa usinielewe vibaya kwamba nasema kila anayengoja huvuna. Mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa ziwa letu kwa hofu kwamba wapo wanaovua kwa sumu. Viwanda vya minofu vikasimama, sangara akawa wa bei ya mapanki, yale mabaki ya mifupa. Mjomba wako aliuza mashine ya mtumbwi na nyavu, akaenda Geita kwenye dhahabu. Marufuku ikaja kuondolewa, na yule aliyeinunua mashine ndiye aliyejenga. Watu humcheka mjomba wako kwa hilo. Mimi simcheki, kwa sababu mashine ile ilikuwa ya mkopo, na anayedaiwa kila Jumamosi hana uwezo wa kungoja hata kama anajua mambo yatatengemaa. Hakukimbia njaa, alikimbia deni. Halafu miaka hii ya karibuni viwanda kadhaa vimefungwa tena, safari hii kwa sababu sangara wenyewe wamepungua ziwani. Mwaka 1999 mlango ulikuwa umefungwa, samaki wapo. Leo mlango uko wazi, chungu ndicho kina kidogo. Aliyebaki mwaloni kungoja kama alivyongoja 1999 anapoteza umri wake. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza ubaki au ukimbie, niambie kwanza ni kipi kimeharibika.

Hizo nchi ulizozitaja nazo haziko sawa. Lebanon, mwishoni mwa 2019, benki ziliwazuia watu kutoa akiba zao, hata wenye dola. Huko kuwa na pesa benki kulikuwa sawa na kutokuwa nazo. Zimbabwe walifika mwanzoni mwa 2009 wakachapisha noti ya dola trilioni 100, na mwaka huohuo wakaiacha pesa yao. Lakini familia nyingi zilikuwa na mtu Afrika Kusini anayetuma unga, mafuta na sukari kwa basi. Unaona? Majiko mawili, na kivuko katikati. Venezuela wameondoka watu zaidi ya milioni 7, na sitamhukumu hata mmoja wao.

Tuje kwako.

Nyumba ya Chanika usiiuze. Ukiiuza kwa hofu utauza kwa bei ya hofu, na utabaki na kitu kilekile unachokiogopa, yaani noti. Kinachonitisha mimi ni mkopo wa gari. Ulipe huo kwanza, hata kwa kuliuza gari lenyewe. Najua mkwe wangu atanuna, lakini yeye ni muuguzi. Kwa kazi yake hiyo hamtalala njaa mahali popote penye watu, kwa hiyo anaweza kupanda daladala kwa sasa.

Halafu mjukuu wangu. Hukumtaja hata mara moja kwenye ujumbe wako, na mimi naanza na yeye. Mtoto mwenye selimundu hakimbizwi kijijini. Anahitaji dawa zake za kila siku, kliniki, na damu siku mbaya ikija. Kwa hiyo mkifika mahali pa kugawana, mwenye kwenda Sengerema ni wewe. Yeye na mama yake watabaki Dar alikozoeleka na madaktari wake, au waje kwangu hapa, hospitali ya Bugando haiko mbali, na kliniki ya selimundu wanayo. Nina vyumba viwili na kitanda cha ziada. Ulikuwa unafikiri familia nzima ndani ya basi moja, kama baba yako. Mimi nafikiri nani aende wapi.

Huko Sengerema kwenyewe, kwenda kumekuwa kwepesi mno. Kivuko tulichokingoja juani nusu siku sasa ni daraja la kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, gari linavuka kabla mtoto hajamaliza kuuliza kama tumefika. Lakini mwaka jana shangazi yako alipofariki ulituma rambirambi kwa simu. Pesa ilifika, na ilisomwa kwenye daftari mbele ya watu, kiasi kizuri. Wewe hukuonekana. Mwanangu, nakuambia kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia: wameshaanza kukuita "yule wa Dar". Wanao hawamjui ng'ombe hata mmoja wa babu yao kwa rangi. Mkifika siku ya njaa mtachinjiwa kuku, na mimi najua kinachofuata wiki ya tatu.

Basi Desemba hii walete. Usilete maboksi ya juisi. Leta bati 10 za jikoni kwa baba yako mkubwa, paa linavuja na ana aibu kuomba. Kaa siku kumi, ulime. Kuna nusu eka kando ya mwembe ambayo nimemwomba akuachie, amekubali kwa sharti uilime mwenyewe. Mbegu za muhogo zipo kwa jirani yake, zile zinazostahimili ugonjwa wa batobato, ukichelewa atawapa wengine.

Jembe lile bado lipo. Nililiona nilipokwenda kwenye arobaini ya shangazi yako, limeegemezwa ukutani, chuma kimeliwa hadi kimekuwa kama kijiko, mpini ni uleule na ufa wake, umefungwa waya. Nimemwambia baba yako mkubwa atie mpini mpya kabla hujafika. Alicheka sana, akasema kwanza akuone unashuka kwenye gari.

Nijibu kwa kuandika.

Mama yako