Kabla Hujaandika F42: Kwa Madaktari Wanaoanza Kliniki ya Akili

Wadogo zangu, nimemaliza kupitia mafaili yenu ya kliniki, na nimeona kwamba nisipoyaandika haya nitayasema kwa ukali kwenye raundi, mbele ya wauguzi, jambo ambalo halitawafaa ninyi wala mimi. Anayenawa mikono sana mmemwandikia OCD, ugonjwa wa mawazo ya kung'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia, ambao namba yake katika orodha ya magonjwa ya ICD-10 ndiyo hiyo F42. Anayepanga viatu vyake kwa rangi naye mmemwandikia OCD. Aliyesema kwamba matusi humjia kichwani akiwa katikati ya sala mmemwandikia skizofrenia na kumwanzishia haloperidoli, dawa ya saikosisi, yaani hali ya mtu kupoteza mguso na uhalisia. Ninawapenda, lakini mnanichosha.

1. Ulizeni wazo kabla ya kitendo. Kunawa kunaonekana, ila kinachomnawisha mtu hakionekani mpaka kiulizwe. Wazo la kung'ang'ania huja bila kuitwa, hurudi, humkera mwenyewe, naye hujitahidi kulipuuza au kulizima kwa kitendo au kwa wazo jingine. Kumbukeni pia kwamba kitendo chenyewe kinaweza kufanyika kichwani tu: kuhesabu, kurudia dua, kukagua kumbukumbu ya jana neno kwa neno. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, inataka hali hiyo ile zaidi ya saa 1 kwa siku, au ilete dhiki kubwa, au ivuruge kazi na maisha. Limeandikwa "au", jamani. Msimnyime mtu utambuzi eti hajafikisha saa. Yule bwana wa viatu anaridhika na mpangilio wake, na anaona sisi wengine ndio wazembe. Kama kuna la kuchunguza kwake, ni upande wa utu, F60.5, yaani utu wa kupenda mpangilio na ukamilifu kupita kiasi.

2. Wazo la kudhuru si nia ya kudhuru. Nikiwa katika mafunzo kwa vitendo kama ninyi, nikiwa zamu, aliletwa mama aliyejifungua wiki chache nyuma, pamoja na kichanga na mama mkwe. Aliketi kwenye benchi akiwa amevikalia viganja vyake vyote viwili, na hakuvitoa hata mtoto alipolia. Nilipomuuliza shida yake alisema kwa sauti ya chini, "Dokta, kuna kitu kinaniambia nimchome mtoto kisu." Nikasikia "kinaniambia", na kalamu ikakimbia yenyewe: sauti zinazoamuru, saikosisi ya baada ya kujifungua, hatari kwa mtoto. Kukalia viganja nikakuandika "mkao usio wa kawaida", nikajiona mchunguzi hodari. Sikumuuliza kama kitu hicho kinasikika masikioni au ni wazo lake mwenyewe. Nikaagiza alazwe, achomwe haloperidoli, na mtoto aondoke na bibi yake akaanzishiwe maziwa ya kopo.

Daktari bingwa alikuwa safarini. Aliporudi siku kadhaa baadaye, alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda na kuuliza, "Mama, wazo hilo likija, wewe unafanya nini?" Yote yakatoka. Visu vya nyumbani alikuwa amevipeleka kwa jirani. Mboga alikuwa hakati tena. Mtoto hakumwogesha asipokuwepo mtu mwingine, na usiku alirudia sala ileile mpaka aimalize bila wazo kupenya katikati. Viganja alivikalia ili visije vikamgusa mwanawe. Hakuwa amesikia sauti yoyote. Alikuwa akiliogopa wazo lake kuliko sisi tulivyoliogopa, nami kwa kumtenga na mtoto nilimthibitishia, kwa muhuri wa hospitali, kwamba kweli yeye ni wa kuogopwa. Utambuzi ulibadilishwa siku hiyohiyo, lakini kazi ya kumrudishia imani ya kubaki peke yake na mtoto ilichukua muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe ulivyostahili. Kliniki alinisalimia vizuri kila mara, na ingekuwa nafuu kama angenifokea.

Sasa msikimbilie upande wa pili. Mama aliyechanganyikiwa, halali kabisa, anayeamini mtoto ni shetani na asiyeona ubaya wa wazo lake, huyo ni dharura, na mtoto asiachwe naye peke yake. Ulizeni: wazo linamchukiza? Analikwepa au analifuata? Ulizeni pia kuhusu sonona (huzuni kubwa ya kudumu) na mawazo ya kujiua, kwa maana OCD haizuii hayo.

3. Mgonjwa kukosa ufahamu wa ugonjwa wake hakutoshi kumwita mwenye saikosisi. DSM-5 ya mwaka 2013 iliitoa OCD katika kundi la magonjwa ya hofu na kuipa sura yake, pamoja na kurundika vitu, kujinyofoa nywele na kuhangaikia kasoro za mwili. ICD-11, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, nayo iliitenga katika kundi lake, kwa namba 6B20, na katika kundi hilo ikaweka hata hofu ya kudumu ya kuwa na ugonjwa mkubwa. Zote mbili zinakuruhusu kuandika kwamba ufahamu ni mdogo au haupo. Mwalimu wangu mmoja hakuukubali uhamisho huo mpaka anastaafu. Alisema hofu ndiyo kuni za ugonjwa huu, na chai ya saa nne ilipoa mara nyingi kwa ubishi wake. Kwa matibabu sidhani alikosea sana.

4. Y-BOCS, dodoso la dalili za OCD, ina maswali 10 na alama 0 hadi 40. Inapima ukali, haitambui ugonjwa.

5. Fluoksetini, dawa ya sonona, kwa OCD mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko ya sonona yenyewe, na hupewa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumiwa. Kando ya dawa, mgonjwa afundishwe kukabili anachokiogopa bila kufanya kile kitendo. Aliye kwenye klozapini, dawa nyingine ya saikosisi, akianza kukagua milango upya, tazameni dawa kwanza.

6. Kwa mambo ya dini, msipime kwa dini yenu. Yule mzee anayerudia udhu mpaka wakati wa sala unapita, muulizeni imamu wake amemwambia nini. Kama ameshaambiwa kwamba udhu wa kwanza umetimia, naye anakubali, lakini bado anarudi bombani, andikeni hayo kwenye historia kwa maneno yake mwenyewe, kisha muulizeni mkewe ni mara ngapi kwa siku anaombwa kuthibitisha kwamba maji yamefika kwenye kiwiko.